Tangi Lenye Kifuniko cha Buluu

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa ili lisomwe tena darasani baada ya kusikilizwa.)

Natumaini mwalimu wenu amekwisha andika ubaoni maneno matano ya leo: dizeli, moshi, mbolea, amonia na yurea. Msiyaogope hayo mawili ya mwisho. Kabla somo halijaisha mtayajua kama mjuavyo chumvi na sukari. Tena hilo la yurea wakulima miongoni mwenu mmekwisha lisoma mara nyingi, maana limepigwa chapa juu ya mifuko ya mbolea, kwa herufi nne kubwa: U, R, E, A.

Somo letu ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya tangi. Ukizunguka malori na magari mengi ya dizeli yaliyotengenezwa miaka ya karibuni, utaona vifuniko viwili. Kimoja ni cha tangi la mafuta. Cha pili ni kidogo zaidi, na mara nyingi rangi yake ni buluu. Ndani ya tangi hili la pili hamna mafuta. Mna maji maangavu yasiyo na rangi, ambayo watu wengi huyaita AdBlue. Hilo ni jina la biashara, nalo ni mali ya chama cha watengenezaji wa magari cha Ujerumani. Maji yanapokwisha, mwenye gari hana budi kujaza mengine, na kazi hiyo aweza kuifanya mwenyewe nyumbani kwake.

Ukiuliza maji haya ni ya nini, wengi watakujibu kwamba ni dawa ya injini. Jibu hilo si sahihi. Injini ya dizeli haihitaji maji haya hata tone moja. Hayaichomi mafuta vizuri zaidi, hayaipozi, wala hayailainishi. Basi kwa nini watu waliotengeneza lori wakaliongezea tangi zima, na bomba lake, na pampu yake, na taa yake ya kuonya? Ili kulijibu swali hili yatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka mia mbili, tena kwa njia mbili zilizokuja kukutana.

Tuifuate kwanza njia ya injini. Rudolf Diesel alikuwa Mjerumani, ingawa alizaliwa Paris mwaka 1858. Siku zile mashine kubwa ziliendeshwa kwa mvuke, na mvuke ulipoteza bure sehemu kubwa ya joto la makaa. Diesel akafikiri hivi: hewa ikishindiliwa kwa nguvu mahali padogo hupata moto. Jambo hili yeyote aliyewahi kutia upepo baiskeli analijua, maana akishika chini ya pampu huona imepata joto. Basi, akasema, nitaishindilia hewa ndani ya silinda mpaka iwe moto sana, halafu nitanyunyizia mafuta kidogo, nayo yatawaka yenyewe bila ya plagi. Alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1893, na mwaka 1897 katika mji wa Augsburg injini yake ilionyeshwa ikifanya kazi vizuri. Ilitumika kwanza viwandani na katika meli. Malori ya kwanza ya dizeli yalianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1924. Mwenyewe hakuyaona. Mwezi Septemba mwaka 1913 alipanda meli Antwerp kwenda Uingereza, na asubuhi hakuonekana chumbani mwake. Maiti yake ilionekana baharini siku chache baadaye.

Injini yake ina nguvu kwa sababu ya lile joto la kushindilia, na joto hilohilo ndilo lililoleta taabu. Hewa tunayovuta ni mchanganyiko. Karibu sehemu nne katika tano ni gesi iitwayo naitrojeni, na karibu sehemu moja ni oksijeni. Katika hali ya kawaida gesi hizi mbili hukaa pamoja kama majirani wasiosemezana. Lakini ndani ya silinda yenye joto kali majirani hawa huungana, na muungano wao huzaa gesi nyingine zenye sumu, ziitwazo oksidi za naitrojeni. Angalieni vizuri hapa: gesi hizi hazitoki katika uchafu wa mafuta. Hutoka katika hewa yenyewe iliyoingia kwenye injini. Kwa hiyo hata dizeli ikiwa safi namna gani, bado zitatokea.

Watu wengi hudhani kwamba moshi mbaya ni ule mweusi tu. Moshi mweusi ni masizi, nao ni mbaya kweli, lakini angalau unauona ukakimbia. Oksidi za naitrojeni hutoka katika bomba la moshi, ambalo mafundi wetu huliita ekzosi, bila ya wewe kuziona. Huchoma njia ya pumzi, humzidishia taabu mwenye pumu, na huwadhuru zaidi watoto. Tena zikipigwa na jua pamoja na mvuke wa mafuta, huzaa ukungu mchafu unaowasha macho. Watu wa Los Angeles, katika Marekani, waliujua ukungu huo kwa mara ya kwanza mwezi Julai 1943, wakati wa vita. Ulikuwa mzito hata wako waliodhani kwamba adui amewarushia gesi. Miaka michache baadaye, mnamo mwanzo wa miaka ya 1950, mtaalamu mmoja wa kemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, alionyesha kwamba adui alikuwa moshi wa magari yao wenyewe na wa viwanda vya mafuta, ukipikwa na jua. Magari yale mengi yalikuwa ya petroli, lakini gesi ni zilezile.

Hapo tuiache injini kidogo. Sasa nawachukueni kwenye njia ya pili, nanyi msidhani nimepotea.

Mwaka 1773 Mfaransa mmoja jina lake Hilaire Rouelle alikuwa akichunguza mkojo. Msicheke, wataalamu wa zamani walichunguza kila kitu, na walifanya vema. Aliukausha mkojo, akatoa ndani yake kitu cheupe kinachofanana na chumvi. Kitu hicho ndicho yurea. Mwili wa mwanadamu hukitengeneza ili kuondoa naitrojeni iliyozidi kutoka katika vyakula kama nyama na maharage, na figo hukitoa nje. Watu wengi wenye elimu wa zamani zile waliamini kwamba vitu vinavyotengenezwa na mwili haviwezi kutengenezwa na mkono wa mtu katika chupa, maana huhitaji nguvu fulani ya uhai iliyomo katika viumbe tu.

Mwaka 1828, mjini Berlin, Friedrich Wöhler, kijana wa miaka 27 hivi, alikuwa akitafuta kitu kingine kabisa. Alichanganya dawa zake, akazipasha moto, akapata chembe nyeupe asizozitazamia. Alipozichunguza akaona ni yurea, sawasawa na ile ya mkojo. Alimwandikia barua mwalimu wake Berzelius, aliyekuwa Sweden, akimjulisha kwa furaha kwamba ameweza kutengeneza yurea pasipo figo, wala ya mtu wala ya mbwa. Vitabu vingine husema kwamba siku ile imani ya nguvu ya uhai ilikufa. Mimi sikubaliani navyo. Imani kubwa haifi kwa barua moja, nayo ilichukua miaka mingi kuondoka. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Yurea ya Wöhler ilikuwa kidogo sana, ya kutazama tu. Ili kuipata kwa magunia ilibidi kwanza kupata amonia kwa wingi. Amonia ni ile gesi yenye harufu kali inayokupiga puani ukiingia katika zizi ambalo halijafagiliwa. Mwaka 1909 Fritz Haber alionyesha jinsi ya kuipata kwa kuchukua naitrojeni ya hewani na kuiunganisha na gesi ya haidrojeni kwa joto na mgandamizo mkubwa, na Carl Bosch wa kampuni ya BASF akaijengea kiwanda huko Oppau, Ujerumani, kilichoanza kazi mwaka 1913. (Haber huyohuyo aliongoza kazi ya kurusha gesi ya sumu vitani mwaka 1915. Historia ya watu wenye akili si safi sikuzote.) Mwaka 1922 BASF ikaanza kutengeneza yurea kwa wingi, kwa kuunganisha amonia na gesi ya kaboni dioksidi. Huo ndio mwanzo wa mifuko tunayoinunua kwa ajili ya mahindi. Ile tarakimu 46 juu ya mfuko maana yake ni kwamba katika kila kilo 100 za mbolea hiyo, kilo 46 ni naitrojeni.

Sasa njia mbili zinakutana. Mwaka 1957 kampuni ya Marekani iitwayo Engelhard ilipata hati ya uvumbuzi wa ajabu kidogo. Ukichukua moshi wenye oksidi za naitrojeni, ukautia amonia, ukaupitisha juu ya kichocheo kinachofaa, sumu ile huvunjika. Kichocheo ni kitu kinachowezesha vitu vingine kubadilika, lakini chenyewe hakiliki, kama mshenga anayewakutanisha watu wawili kisha akarudi kwake. Na zile gesi huwa nini? Huwa naitrojeni na maji tu. Yaani majirani waliounganishwa kwa nguvu ndani ya silinda huachanishwa tena, na naitrojeni hurudi hewani ilikotoka.

Wajapani ndio waliotumia njia hii mapema kwa kazi kubwa, katika vituo vyao vya umeme, katika miaka ya 1970. Kituo cha umeme chaweza kuweka pipa kubwa la amonia na walinzi wake. Lakini nani angekubali lori lipite sokoni likiwa na pipa la amonia? Likipasuka, watu watakufa. Hapo ndipo yurea ilipoingia. Yurea ni kama amonia iliyolala. Haina sumu kali, haiwaki moto, na huyeyuka katika maji. Ukiinyunyizia ndani ya bomba lenye moshi wa moto, huamka ikawa amonia palepale panapohitajiwa, inakutana na sumu juu ya kichocheo chenye matundu mengi kama sega la nyuki, na kazi inakwisha kabla moshi haujatoka nje. Mwaka 2004 kampuni ya Nissan Diesel ilitoa Japani lori la namna hiyo, nalo liliitwa Quon. Tangu mwaka 2005, sheria za moshi zilipokazwa Ulaya, malori mengi ya huko yakafuata. Marekani ilikaza sheria yake ya malori mwaka 2010.

Maji ya tangi la buluu, basi, ni yurea na maji safi, hakuna kingine. Katika kilo 100 mna kilo 32 na nusu za yurea. Zilizobaki ni maji yaliyotolewa chumvichumvi zote. Kipimo hicho kilichaguliwa kwa sababu ya baridi ya Ulaya. Mchanganyiko wa kipimo hicho hauanzi kuganda mpaka baridi ifike nyuzi 11 chini ya sifuri, na ukizidisha yurea au ukipunguza, huganda upesi zaidi. Kwetu sisi adui si baridi bali joto, kama nitakavyoeleza.

Natumaini sasa mmeliona jambo lenyewe. Tangi hili halimsaidii mwenye gari. Linamsaidia mtu aliye nyuma ya gari: mwendesha baiskeli, mama anayechoma mahindi kando ya barabara, mtoto aendaye shule. Mwenye gari ndiye anayelipa, na faida inakwenda kwa mapafu ya mtu asiyemjua. Waliotunga sheria walijua kwamba mambo ya namna hii hayafanywi kwa kuombana tu. Kwa hiyo waliamuru gari lenyewe lidai. Maji yakikaribia kwisha, taa huwaka. Dereva akipuuza, lori hupunguza nguvu, na malori yaliyo chini ya sheria ya Ulaya iitwayo Euro VI hufika mahali pa kutambaa kwa kilometa 20 tu kwa saa. Motokaa ndogo huhesabu kilometa zilizobaki, na zikiisha, ukizima injini haiwaki tena.

Hata hivyo wajanja walitokea. Mwezi Septemba 1915 ulikuwa wa vita, bali mwezi Septemba 2015 ulikuwa wa aibu: serikali ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Volkswagen imetia ndani ya magari yake ya dizeli programu ya udanganyifu. Gari lilipokuwa likipimwa, lilijua linapimwa, likasafisha moshi wake vizuri. Likirudi barabarani likaacha. Kampuni ilikiri kwamba magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Tena si kampuni tu. Wako wenye malori wanaonunua kijidude cha kuidanganya kompyuta ya lori kwamba maji yapo, kumbe tangi ni kavu. Injini inaendelea kunguruma kama kawaida, na mwenye lori anajisifu kwamba ameokoa fedha. Fedha hizo amezitoa katika kifua cha mtu mwingine.

Mwaka 2021 dunia iliona pia upande wa pili wa jambo hili. Mwezi Oktoba mwaka huo China, iliyokuwa ikiuza yurea nyingi nchi za nje, ilizuia isitoke kwa urahisi. Korea ya Kusini ilitegemea China kwa karibu yurea yake yote ya kazi hii. Katika wiki chache malori yakawa katika hatari ya kusimama, si kwa kukosa dizeli, bali kwa kukosa haya maji ya yurea. Mwezi Novemba serikali ya Korea ilituma ndege ya jeshi mpaka Australia kuleta lita 27,000. Kisha mwezi Desemba Australia yenyewe ikaanza kuhofu kupungukiwa. Mkulima anayelalamika kwamba mbolea imepanda bei, na dereva anayelalamika juu ya tangi la buluu, wanalia kilio kimoja.

Imebaki kazi ya mikono, kwa wale wenye magari haya au wanaoyaendesha. Lori kubwa hutumia kama lita 5 za maji haya kwa kila lita 100 za dizeli; gari dogo hutumia kidogo zaidi, lakini hatimaye litadai. Soma kwanza kitabu cha gari kijue tangi liko wapi. Mara nyingi kifuniko chake kiko kando ya kile cha dizeli, lakini katika magari mengine kimo ndani ya buti au chini ya boneti. Simamisha gari mahali tambarare penye hewa, uzime injini. Nunua maji yaliyofungwa vizuri, yenye alama ya kipimo ISO 22241, na uangalie tarehe, maana hapa ndipo joto linapoingia. Yakihifadhiwa katika joto la nyuzi 30 huweza kukaa kama mwaka mmoja. Joto likizidi, huharibika mapema zaidi. Chupa iliyokaa juani mbele ya duka, katika mji wa pwani, siiamini hata kidogo.

Mimina kwa mpira au mdomo uliokuja na chupa. Usitumie faneli ya dizeli hata kama umeipangusa, na usitumie ndoo ya bati wala chombo cha shaba, maana yurea huila metali hiyo, na uchafu wake huenda kukiua kichocheo. Usijaze mpaka juu kabisa. Yakimwagika, yaoshe kwa maji mengi. Ukiyaacha yatakauka yawe chumvi nyeupe na kula rangi ya gari. Ukisha funga kifuniko, washa swichi usubiri kidogo taa izime. Magari mengine hayatambui maji mpaka umetia lita kadhaa, basi usitie kikombe kimoja ukashangaa.

Kuna makosa mawili makubwa. La kwanza ni kukosea tundu. Ukiyatia maji haya katika tangi la dizeli, usiwashe injini kabisa, hata kulisogeza gari kando. Mwite fundi alitoe tangi lote. Maana pampu ya dizeli hulainishwa na mafuta yenyewe, na maji yakiingia, gharama yake itazidi bei ya ng'ombe kadhaa. Ukitia dizeli katika tangi la buluu, ni vivyo hivyo: usifungue hata swichi. Kosa la pili ni la mtu aliyesikia somo hili nusu. Atasema, "Kama ni yurea na maji, nina mfuko wa mbolea stoo na kisima uani." La, bwana. Yurea ya mbolea mara nyingi hutiwa dawa ya kuzuia chembe zisishikane, na ina uchafu ambao mahindi hayaujali. Maji ya kisima yana chokaa na chumvi. Hivyo vyote havivukizwi. Hubaki ndani ya sindano ya kunyunyizia na katika yale matundu ya sega, vikayaziba kidogo kidogo. Mahindi husamehe uchafu, kichocheo hakisamehe.

Kabla ya somo lijalo, aliye na mfuko wa mbolea ya yurea nyumbani akate ule upande wenye maandishi mfuko ukiisha, auoshe, aulete darasani. Tutasoma pamoja kila neno na kila tarakimu iliyoandikwa juu yake, tukianza na ile 46.